Biri Nyeusi ya Saba Saba

Ipole, kijiji kipya
14 Aprili 1974

Mfaume wa Shomari,

Salamu utazikuta mwishoni kama karatasi itabaki. Ninaandika mwenyewe, usije ukadhani nimemtafuta mtu. Nimesoma kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa kuku, nikamwambia kuku anachakura na anashiba.

Nataka biri. Si sigara za karatasi wanazovuta makondakta. Biri, zile nene zilizoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe, alizokuwa akivuta yule Mgiriki wa mashamba kabla hajaondoka. Najua ulinunua masanduku yake yote, na najua yamekulalia dukani, maana nani Tabora atatia mdomoni kitu kama mkia wa ng'ombe. Nitatia mimi.

Usiniulize kiko kimekwenda wapi. Nimekizika. Nimevuta kiko tangu kabla sijaolewa, na sasa sitavuta kingine. Lakini tumbaku siachi, na ugoro ni wa watu wanaopenda kupiga chafya kanisani. Basi nichagulie. Kwenye biri mimi ni mgeni. Sijui ipi kali, ipi ya watoto, inawashwaje, moshi unamezwa au haumezwi.

Na unajua desturi yetu. Anayempa mtu tumbaku huwasha yeye kwanza, akavuta mbele ya macho ya mwenzake, ndipo akampa, ili anayepokea aone haina kitu ndani. Wewe uko Tabora, sitakuona ukivuta. Basi nakuamini. Usinifanye nijute.

Nyumba yangu ya kule porini ilichomwa, tumeletwa huku. Nyumba zimepangwa mstari kama meno, na nyingine zimeshang'oka kwa mvua. Nampa Yahaya wa basi dumu la asali akuletee. Asionje.

Apolinaria
Salamu.


Tabora
23 Aprili 1974

Kwa mama yangu mheshimiwa, Mama Apolinaria,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi na Batuli na watoto hatujambo, Mungu ashukuriwe. Asali imefika. Yahaya ameionja, nimeona ndevu zinanata.

Nimecheka peke yangu dukani niliposoma kwamba umekizika kiko. Hujaacha utani, mama.

Sasa biri. Nimekufungia za aina mbili na ya tatu moja tu. Anza na hizo ndogo, nene kama kidole cha mwisho, rangi ya chai ya maziwa. Ni laini. Ukizizoea, nenda kwenye za kahawia. Kila biri ina ncha iliyozibwa. Ikate kidogo kwa kisu kikali, usiiume, jani litafumuka. Washa ukiizungusha, moto uwe karibu lakini usilirambe jani. Moshi usiumeze, uzungushe kinywani, na kwa kuwa umevuta kiko hilo umeshalijua kuliko mimi. Ila usivute harakaharaka kama mtu anayeokoa kiko kisizimike. Biri inataka uisahau kidogo. Majivu nayo yaache, yataanguka yenyewe.

Hiyo moja nyeusi, ndefu, nimekutilia uitazame tu. Ni kali, na za aina hiyo zina mwenyewe. Anazinunua Bwana Wenceslaus, yule aliyesimamia operesheni ya kuhamia vijijini huko kwenu. Kila akija mjini anapita. Dukani kwangu ni mtu mpole, na siku hizi duka linafungwa kwa neno moja la mtu kama yeye. Nambeba kama yai.

Mwambie Raymundi aje achukue nyuzi zake za kufungia tumbaku. Tangu mvua zianze mwanao amenisahau.

Wako mtiifu,
Mfaume bin Shomari


Ipole
8 Mei 1974

Mfaume,

Biri zako ndogo ni za maharusi. Niliwasha moja ikaisha kabla sijakaa vizuri kwenye kigoda. Zinanukia kama sanduku la padri. Za kahawia zina heshima kidogo, ila zinazimika kila nikigeuka kumkaripia mtu, na mimi kutwa nakaripia. Uliniambia nisiume ncha. Niliuma. Jani likafumuka lote mdomoni, nikatema kama mbuzi aliyekula kanga. Shemeji yangu Ngollo, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye ninakaa kwake sasa, alicheka mpaka kikohozi kikamwangusha. Kifua chake kibovu, lakini mtu huyu tumbaku hajawahi kuikataa hata mara moja. Umeniuzia vitu vya kuchekesha watu.

Umemwagiza Raymundi. Raymundi amekufa, Mfaume. Tulimzika mwezi wa tatu. Na kiko nilikizika kweli. Kilikuwa mkononi mwake, vidole havikufunguka, nikasema kiende naye. Hukujua, kwa hiyo sikulaumu kwa kucheka. Usicheke tena.

Ile nyeusi nimeitazama kama ulivyosema. Naifahamu. Nijibu mambo haya bila maneno mengi ya dukani. Huyo Wenceslaus anavuta hii tu, au na nyingine? Na moto wake ukoje, unatembea au unalala? Mtu akivuta, akapumzika, akavuta, unafika katikati upesi?

Niletee nyingine za hiyo. Hizo zako za maharusi nitampa katekista.

Apolinaria


Tabora
15 Mei 1974

Mama yangu Apolinaria,

Shikamoo, na pole, na pole tena. Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta gunia la kukalia. Raymundi nilimpimia kaptula yake ya kwanza kwa mikono hii. Batuli amelia, amekataa kupika.

Nitakuambia jambo, usinikasirikie. Mwezi wa tatu Bwana Wenceslaus alikuja dukani akasimulia kwamba kuna mkulima huko alikunywa pombe, akaingia kwenye bani lake la kukaushia tumbaku wakati moto unawaka, mlango ukajifunga, akafa kwa joto. Alisikitika. Mimi pia nilisikitika, nikampimia sukari. Sikujua ni Raymundi. Hakutaja jina.

Uliyoniuliza: anavuta nyeusi tu. Anasema nyingine ni za wanawake. Moto wake unalala. Ukiiwasha vizuri haizimiki na haina haraka. Wazee wanaweza kupokezana, mmoja baada ya mwingine, kabla moto haujafika katikati. Nimekutumia mbili, nimeziiba kwenye fungu lake. Uvute polepole, ufarijike.

Lakini mama, kwa nini unauliza anachovuta yeye?

Mfaume bin Shomari


Ipole
27 Mei 1974

Mfaume,

Raymundi alikuwa halewi. Weka hilo kichwani kwanza.

Bani lilikuwa limejaa. Tumbaku ikishaingia kwenye moto huiachi. Ukiacha moto ukapoa, jani linageuka jeusi na mwaka mzima umekwenda. Wenceslaus anajua, baba yake alilima tumbaku Usinge. Walikuja na lori, yeye na mgambo wake, mvua inanyesha. Wakasema pandisheni vyombo. Raymundi akasema niacheni nikaushe hii iliyomo, halafu nitakuja kwa miguu yangu, hata kama ni kijiji cha mbinguni. Aliongea kwa adabu. Mkononi alikuwa na kiko changu, alikuwa amekwenda kunichukulia kaa la moto kwenye tanuri, kama alivyofanya kila asubuhi tangu alipojua kutembea.

Wenceslaus akasema, kama unaipenda hivyo tumbaku, kaa nayo. Wakamsukuma ndani. Wakaweka gogo mlangoni. Niliwaendea na mchi, nikampata mmoja shingoni, wakanivunja mkono wa kushoto kwa rungu. Nikalala kwenye matope. Wenceslaus akaketi juu ya kinu changu, chini ya upenu. Akaokota kaa kwenye tanuri letu, akawasha kitu cheusi kirefu. Raymundi alikuwa akigonga. Alisema fungua mlango. Alisema kwa Kiswahili, akasema kwa Kinyamwezi, akaniita mimi, kisha akawa anagonga tu. Mgambo mmoja akamuuliza bwana mkubwa tufungue? Akajibu ngoja nimalize.

Alivuta mpaka mwisho. Walipofungua mlango, hakikuwa kimebaki hata kipande cha kushikia. Kwa hiyo usinieleze mimi moto wa biri hiyo unavyotembea. Naujua urefu wake.

Kisha wakachoma nyumba. Nilikwenda kueleza habari ya gogo kwa wanaohusika, wakasema gogo halikuwepo, macho ya kizee hayo.

Sasa nijibu. Jani la nje likilainishwa kwa mvuke, likafunguliwa, likaviringishwa tena na mtu aliyekunja tumbaku maisha yake yote, je, mvutaji aliyezoea ataona?

Apolinaria


Tabora
3 Juni 1974

Mama,

Barua yako nimeisoma mlango wa duka umefungwa, nimeichoma kwenye jiko la Batuli. Hii nayo ichome.

Usifanye. Nakupigia magoti nikiwa hukuhuku. Nenda kwa padri, nenda kwa mkubwa wake, mimi nitakulipia basi, nitakwenda na wewe nisimame hapo nikushuhudie ulivyo mtu wa kweli. Ukimwua utanyongwa, na watasema Raymundi alikuwa mtoto wa muuaji, na kijiji chenu chote kitalipa. Na mimi nitalipa, maana biri zimetoka wapi kama si kwangu? Nina watoto, mama.

Swali lako silijibu. Nyeusi sikutumii tena hata moja. Lakini siri yako ni yangu. Naapa kwa Mwenyezi Mungu sitaifungua kwa mtu yeyote.

Mwanao,
Mfaume


Ipole
21 Juni 1974

Mfaume,

Ukikataa kujibu umeshajibu. Haionekani. Nimejaribu kwa ile ya kutazama, Ngollo akaigeuza mkononi akasema nzuri. Nikamnyang'anya.

Zilizobaki zinatosha. Moja nimevuta mwenyewe, jioni baada ya jioni, nijifunze. Mara ya kwanza niliona nyota mchana. Sasa navuta bila kukohoa. Ni tumbaku nzuri, nakupa haki yako. Nzito, tamu nyuma ya ulimi, haina haraka. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeipenda.

Sikukuu ya Saba Saba wanazindua kijiji. Mgeni ni Wenceslaus. Wamenichagua mimi nimpokee kwa zawadi ya tumbaku, kwa kuwa ndiye bibi mkubwa kuliko wote, na kwa kuwa wanataka aonekane hana ugomvi na mtu. Atataka niwashe kwanza, huyu ni mtoto wa kwetu, desturi anaijua. Nitawasha. Nilichotia nimekitia katikati, moto hautafika huko biri ikiwa mdomoni mwangu. Utafika mdomoni mwake. Anazimaliza, tunajua.

Usilie na usije.

Apolinaria


Tabora
16 Julai 1974

Mama yangu,

Yahaya ameleta maneno ya kukatika. Kwamba mlipigana siku ya sherehe, kwamba umewekwa ndani Sikonge, kwamba Bwana Wenceslaus ameonekana na bandeji uso mzima. Wengine wanasema ameumia, wengine wanasema ni Ngollo. Sielewi. Silali.

Mimi sikusema neno kwa mtu. Nimeona nikuandikie hilo kwanza kabla ya mengine. Kama unahitaji blanketi au dawa, mpe Yahaya jibu kwa mdomo.

Duka liko wazi bado, alhamdulillahi.

Mfaume


Ipole, kwa Ngollo
30 Julai 1974

Mfaume wa Shomari,

Nimeachiwa nijiuguze mbavu, wakinitaka wataniita. Ninaandika nimelala ubavu, kwa hiyo mwandiko leo si wa kuku, ni wa kuku aliyegongwa na lori. Kaa chini usome mpaka mwisho, usiruke.

Nilivaa kanga mpya. Nikatoa biri mbele ya watu wote na mbele ya wakubwa waliotoka mjini. Nikakata ncha kama ulivyonifundisha, nikaiwasha nikiizungusha, nikavuta, moshi nikautoa puani ili hata waliokaa nyuma wauone. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikampa kwa mikono miwili.

Akapokea, akatia mdomoni. Mimi nimewatazama wanaume wakivuta tumbaku tangu nikiwa na kifua bapa. Mtu akivuta, mashavu yanabonyea. Yake hayakubonyea. Aliigusisha midomo tu, kama mtu anayebusu maiti asiyemjua. Kisha akasimama akasema kwa sauti ya mkutano kwamba siku hizi hakuna chako na changu, zawadi ya mmoja ni ya wote, wazee wapokezane. Watu wakampigia makofi. Akaiweka mkononi mwa Ngollo.

Ngollo akaipokea kama aliyepewa ng'ombe. Akavuta, mashavu yakaingia mpaka kwenye meno. Akampa mzee Masolwa. Masolwa akavuta, akampa katekista. Katekista akavuta, akasifu, ikarudi kwa Ngollo. Majivu yalikuwa yanasogea kuelekea pale ninapopajua. Na Wenceslaus, Mfaume, hakuwa anaitazama biri. Alikuwa ananitazama mimi. Ameketi kwenye kiti cha mgeni vilevile alivyoketi kwenye kinu changu, anangoja imalizike. Nipige kelele, nijitangaze mwenyewe kwamba nimetia kitu. Au ninyamaze, nimzike shemeji yangu.

Nilimpokonya Ngollo biri pamoja na jino lililokuwa linacheza. Nikamwendea mgeni nikaizima usoni pake, hapa chini ya jicho. Niliigandamiza kwa kidole gumba mpaka ikavunjika, na mpaka nikasikia harufu ile niliyoisikia mwezi wa tatu mlango ulipofunguliwa. Mgambo wakanipiga kwa vitako vya bunduki. Nilisikia mbavu zikiachia, moja, na nyingine. Nikaanguka juu yake na kiti chake, nikamshika masikio, sikuachia. Nikamwambia sikioni, bila kupaza sauti:

"Fungua mlango."

Nikamwambia tena kwa Kinyamwezi. Nikamwambia kama Raymundi alivyosema, mpaka akaanza kupiga mateke, damu na majivu vinamwingia jichoni, akalia mbele ya watu wote na wakubwa wake:

"Si mimi niliyeweka gogo. Abasi ndiye aliyeweka gogo."

Hata waliokuwa wananipiga wakaacha. Tangu mwezi wa tatu hapakuwa na gogo. Sasa likawepo, na aliyelileta ni yeye. Abasi, ndiye yule mgambo niliyempata na mchi, akatupa bunduki chini akasema, mzee, wewe ndiye uliyesema usubiriwe umalize. Mmoja wa wale wakubwa akatoa kalamu. Wote wawili wakapandishwa gari moja, na mimi nyingine. Kama amepelekwa hospitali au rumande sijui, na mtu asikuambie anajua.

Biri ilikanyagwa vumbini. Nilichotia ndani hakuna aliyekiuliza, na Wenceslaus hawezi kukitaja, maana ataulizwa kama alijua, kwa nini aliwapa wazee wavute.

Alijua, Mfaume. Waliojua walikuwa mimi na wewe. Mimi sikumwambia.

Sisemi umeniuza. Najua duka lako, najua watoto wako, najua neno moja la mtu yule. Bila shaka ulimwambia kidogo tu, kwa adabu, huku unampimia sukari: usivute tumbaku ya bibi yule. Ukaona umemwokoa yeye, umeniokoa na mimi, na kiapo chako umekikunja tu, hujakivunja. Hukufikiri kwamba mtu aliyeambiwa asile chakula fulani anaweza kumpa mwenzake akile. Ngollo amevuta mara mbili. Kikohozi chake nakisikia hapa nyuma ya ukuta, na kila kikinyamaza naacha kuandika, nasikiliza, mpaka kianze tena.

Raymundi angetaka nikusamehe. Raymundi alikuwa mpole, na wewe umeona upole ulikompeleka.

Nina hamu ya tumbaku. Usinitumie chochote kwa Yahaya, nitakirudisha. Panda basi uje wewe mwenyewe. Kigoda kipo. Utakaa mbele yangu, utatoa biri nyeusi mfukoni, utaikata ncha, na utawasha kwanza wewe. Nitakuwa natazama mashavu.

Apolinaria